Viputo

Ilifika Huddersfield kwenye lori la magodoro,
mikono minne imeviringishwa plastiki ya viputo,
na karatasi ubavuni: USIPINDUE.
Ile ya fahari, iliyoko Leeds,
ina chumba chake na fundi wake wa kudumu.
Hii ilisukumwa na wapagazi wawili
hadi chumba cha upasuaji namba nne,
gurudumu moja likilia kama paka wa jirani.

Bei yake, walisema, ni robo.
Robo ya nini? nikauliza.
Robo ya kile ambacho hatukuwahi kuwa nacho.

Miezi mitano tulishona matumbo ya nguruwe.
Mimi, Mwanakombo, niliyelelewa
nisikanyage hata kivuli cha mnyama huyo,
nilivaa glavu mbili mbili,
nikasema astaghafirullahi kimoyomoyo,
nikayapanga kwenye sinia,
kijivu, yamekunjamana,
baridi kama uji uliosahauliwa.

Daktari Prosser alikaa pembeni, mbali na meza,
viatu kavua, soksi imetoboka kisiginoni,
uso kauzamisha ndani ya kioo;
akikunja kidole hapa, chuma kinakunja pale.
Mkono wa pili ulichelewa, chini ya kufumba jicho.
Akaandika.
Uzi wa kumi na moja ulikatika. Akaandika.
Saa nane mchana mkono ulitetemeka, kisha ukatulia
kama mtu aliyekumbuka kuwa anatazamwa.
Akaandika.
Kijana wa kiwandani, aliyetoka Belfast, akameza mate.
Kwetu husemwa rahisi hugeuka ghali.
Sikumwambia. Fomu ya majaribio
haina nafasi ya methali.

Kisha akaja Bi Doreen Akroyd, miaka sabini na mitatu,
mtu wa kwanza baada ya nguruwe wote wale.
Miaka thelathini alirekebisha kasoro za vitambaa vya sufu
katika kinu ambacho sasa ni fleti za wanafunzi.
Hakuuliza kuhusu kufa.
Aliuliza: Inashonaje?
Daktari akampa picha. Akasogeza miwani puani.
Hapa umekaza mno, mwanangu.
Ukikaza, kitambaa hukunjamana; kikikunjamana, hupasuka.
Daktari akaitazama picha upya, muda mrefu,
na hilo pia akaliandika.
Bi Doreen akatia sahihi. Ya bei nafuu?
Hata mimi ni wa bei nafuu. Tutaelewana.

Uvimbe ulitoka, ukubwa wa ndimu.
Ncha mbili za utumbo zikakutanishwa,
zikashonwa, si kwa kukaza.
Halafu tukafanya lile lisilohitaji roboti:
maji ya chumvi yakamwagwa nyongani,
hewa ikapulizwa kutoka chini,
na watu wanane wakayatazama maji.

Baba yangu aliziba pancha Muheza, kando ya stendi.
Mpira wa baiskeli aliuzamisha kwenye beseni lililopasuka mdomo,
akauzungusha polepole, sikio karibu na maji,
na mwenye baiskeli haruhusiwi kusema neno.

Kikaja kimoja.
Kidogo, punje ya mtama.
Kijana wa Belfast akashika ukuta.
Tena, akasema Prosser.
Maji yakafyonzwa, yakamwagwa mengine.
Nilihesabu kwa Kiswahili,
ndivyo nihesabuvyo nikiogopa,
moja hadi sitini, na sitini tena.
Maji yalilala.
Kile cha kwanza kilikuwa hewa iliyonaswa kwenye mkunjo,
au ndivyo tulivyokubaliana.

Siku tatu utumbo wake haukusema kitu.
Nilipita wodini hata nisipokuwa zamu,
nikijifanya natafuta kalamu.
Alfajiri ya siku ya nne,
chai ikiwa bado haijaletwa,
Bi Doreen alijamba,
ndefu, yenye kona,
na mgonjwa wa kitanda cha dirishani akapiga makofi.

Nilikimbilia fomu, nikidhani hilo nalo halina nafasi.
Lilikuwepo, ukurasa wa sita:
tarehe, saa, jina la shahidi.
Nikaandika la kwangu.